Likasi: Muuguzi anayetaka kusomea lishe kwa mbali aulize nini kabla ya kulipa?

LIKASI – Katika hospitali nyingi za Congo, chakula cha mgonjwa hakitoki jikoni mwa hospitali. Kinatoka nyumbani, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, ao kinapikwa uani na ndugu aliyekuja kulala naye. Daktari anaandika dawa, muuguzi anapima presha na sukari, lakini swali la mama kabla ya kuwasha mbabula ni lingine: «Munganga, nimupikie nini?»

Mara nyingi jibu ni fupi: apunguze bukari, aache chumvi, akule matunda. Bukari ipunguzwe mpaka wapi, chumvi iliyo ndani ya bitoyo itolewe namna gani, matunda gani yanamfaa mwenye kisukari na kwa kiasi gani, hayo hayasemwi. Si kwamba muuguzi anaficha. Alifundishwa sindano, vidonda, uzazi na dawa. Kuhusu lishe alipata masomo machache tu.

Kwa muuguzi anayetaka kujaza pengo hilo bila kuacha kazi, masomo kwa mbali yanaonekana kama mlango uliofunguka. Mlango huo upo kweli. Lakini kuna sehemu moja ya masomo haya ambayo haipiti ndani ya simu: mazoezi kando ya mgonjwa, chini ya macho ya mtu anayeijua kazi. Sehemu hiyo ndiyo inayomtofautisha mwenye diploma na mwenye karatasi tu. Na kwa muuguzi wa Likasi, hiyo ni habari mbaya na habari nzuri kwa wakati mmoja.

Posho ilipokwisha

Likasi, iliyoitwa Jadotville mpaka 1966, ni mji uliowahi kuwa na mtu wa kupima chakula. Wakati wa Union Minière, mfanyakazi alipewa posho: unga na vitoweo, kwa hesabu iliyopangwa na kampuni, pamoja na sehemu ya mke na watoto. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma tu. Ilihitaji mikono yenye nguvu migodini na viwandani. Gécamines, iliyochukua nafasi yake tangu 1967, iliendelea na desturi hiyo kwa miaka mingi. Wazee wa Panda na Shituru bado wanazungumzia siku za posho.

Kisha mambo yaligeuka. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka Septemba 1990, uzalishaji ukashuka, mishahara ikachelewa. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kujitolea. Posho ilikwenda pamoja nao. Tangu hapo, kupima chakula cha nyumba kumebaki mkononi mwa mama, na bei ya unga ndiyo inayoamua. Sehemu kubwa ya unga wa mahindi unaoliwa Haut-Katanga unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024, sahani za huku zilisikia.

Kitaifa, uchunguzi wa MICS uliofanywa 2017-2018 ulionyesha kwamba watoto 42 kwa 100 walio chini ya miaka mitano Congo wana udumavu, maana yake ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa chakula bora kwa muda mrefu. Hao si watoto wanaoonekana wamekonda barabarani. Wengi wanacheza, wanacheka, wanakwenda shule. Ni mtu aliyefunzwa, mwenye kipimo mkononi, ndiye anayeweza kuwatambua.

Kwa hiyo swali la nani atakayefanya kazi ya lishe hapa Likasi si la shule peke yake. Linahusu vyumba vya watoto, vyumba vya wajawazito, na wazee wanaorudi hospitali kila baada ya miezi michache kwa kisukari kilekile na presha ileile.

Ushauri mfupi unaweza kuumiza

Kuna watu wanaofikiri lishe ni kitu cha kujua tu: kula mboga, kunywa maji, basi. Kazini mambo si mepesi hivyo.

Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini, akiambiwa «acha bukari» na dozi yake ibaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla mpaka akaanguka. Mwenye figo iliyoharibika anaweza kukatazwa maharagwe na mboga fulani, zilezile ambazo mwenye presha anashauriwa kuzila. Familia nyingine inahama kutoka bukari ya mahindi kwenda bukari ya muhogo ikiamini imetibu kisukari, na hali zote mbili ni wanga, zote zinapandisha sukari. Kuna anayeacha chumvi ya mezani lakini anaendelea na bitoyo na vidonge vya kukolezea mchuzi, ambamo chumvi imejaa.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, kosa ni la hatari zaidi. Mtu wa kawaida akimwona mtoto amekonda sana, ao amevimba miguu kwa ule ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kivu wanauita bwaki, anataka kumshibisha siku hiyohiyo. Mwili wake hauwezi. Ndiyo sababu katika kitengo cha UNTI, kunakolazwa watoto wa namna hiyo wenye matatizo mengine ya afya, matibabu huanza na maziwa ya F-75, yenye nguvu ndogo: kilokalori 75 katika mililita 100. F-100 ao Plumpy'Nut vinafuata baadaye, hamu ya kula inaporudi na uvimbe unapoanza kushuka.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kilo 6 asiyevimba. Kwa kipimo cha mililita 130 kwa kila kilo kwa siku, anahitaji mililita 780. Zikigawanywa mara 8, kila masaa 3, ni karibu mililita 100 kila mara. Saa tisa za usiku, muuguzi wa zamu anayepima maziwa hayo, anayeandika kiasi kilichonywewa na kilichotapikwa, tayari anafanya kazi ya lishe. Tofauti ni kwamba hakuna chuo kinachoihesabu.

Jina moja, karatasi nyingi

Nani basi anaitwa mtaalamu wa lishe ya wagonjwa, yule tunayemuita kwa Kifaransa diététicien? Muungano wa kimataifa wa vyama vya kazi hii, ICDA, umeweka kiwango cha chini: shahada ya chuo kikuu pamoja na masaa yasiyopungua 500 ya mazoezi yanayosimamiwa. Nchi nyingine zinadai zaidi. Marekani inataka angalau masaa 1,000, na tangu Januari 1, 2024, anayetaka kufanya mtihani wa kuandikishwa huko lazima awe na shahada ya pili.

Kenya ina sheria ya mwaka 2007 iliyoanzisha taasisi inayoandikisha wataalamu hawa, KNDI. Ufaransa nayo, kwa sheria ya Januari 30, 2007, ililinda jina la diététicien: hakuna anayeruhusiwa kulitumia bila diploma ya serikali inayotajwa na sheria hiyo. Lakini jina la «conseiller en nutrition», mshauri wa lishe, halikulindwa namna hiyo. Ndiyo maana shule nyingi za binafsi zinaliuza kwenye mtandao, kwa masomo ya miezi michache, na tangazo linafika mpaka Likasi likiwa na picha ya koti jeupe na neno «certifié».

Karatasi ya namna hiyo si lazima iwe ya uongo. Inaweza kukufundisha mambo mazuri. Lakini haikufanyi diététicien hata katika nchi ilikotoka, na haiwezi kukupandisha daraja hapa Congo, ambako hospitali inauliza kwanza: wewe ni A2, A1 ao A0?

Njia zilizopo

Njia ya kwanza ni ya nyumbani. ISTM, vyuo vya juu vya ufundi wa tiba, ndivyo vinavyofundisha wauguzi wa A1, na ISTM ya Kinshasa ina kitengo cha lishe na diététique. Tatizo ni umbali: kutoka Likasi mpaka Kinshasa ni karibu kilomita 1,500 kwa ndege, na mwenye mshahara wa muuguzi na watoto wanne hawezi kuhamia huko miaka mitatu. Hatua ya kwanza ni kuuliza kwa ISTM za hapa jimboni kama kitengo hicho kimefunguliwa mwaka huu, na kama wanakubali wafanyakazi kwa saa za jioni ao mwisho wa juma. Lubumbashi iko kilomita 120 hivi kwa barabara, mwendo ambao mtu anaweza kuufanya mara moja kwa mwezi.

Njia ya pili ni ya jirani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kufunguliwa rasmi 1994, makusudi kwa watu wanaosoma wakiwa kazini. Kina vituo katika mikoa ya Tanzania, pamoja na Kigoma, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Kati ya shahada zake kuna ile ya sayansi ya chakula na lishe. Kwa msomaji wa Kiswahili hiyo ni habari ya kufurahisha, lakini asidanganyike: masomo yanatolewa kwa Kiingereza, na diploma ya Congo inapaswa kwanza kulinganishwa na ya Tanzania. Tena masomo ya sayansi yana maabara, na maabara mtu anakwenda mwenyewe.

Njia ya tatu ni masomo mafupi ya bure. Shirika la afya duniani, OMS, lilianzisha jukwaa la masomo ya mtandaoni, OpenWHO, mwaka 2017, na Desemba 2024 likazindua Académie yake mjini Lyon, Ufaransa. UNICEF ina jukwaa lake, Agora. Humo kuna masomo kwa Kifaransa pia. Ukimaliza unapata cheti cha kuhudhuria, si diploma. Lakini kwa muuguzi asiyejua kama ataweza kusoma baada ya zamu, hapo ndipo mahali pa kujipima kabla ya kutoa dola hata moja. Ukishindwa kumaliza somo la masaa sita kwa mwezi mzima, shahada ya miaka mitatu itakuwa mzigo.

Masaa 500 yanatoka wapi?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Mtu anasoma kemia ya chakula, anafaulu mitihani kwenye simu, kisha chuo kinaandika: leta uthibitisho wa mazoezi. Wapi? Kwa nani?

Tufanye hesabu. Masaa 500, kwa masaa 8 kwa siku, ni siku 63. Kwa siku tano za kazi kila juma, ni karibu miezi mitatu mfululizo. Kwa siku moja tu kila juma, ile siku ya mapumziko baada ya zamu, ni zaidi ya mwaka mmoja. Muuguzi anayeanza masomo bila kupanga siku hizo 63 atafika mwisho wa vitabu na kuketi.

Habari nzuri ni kwamba yeye, tofauti na mwanafunzi aliyetoka shule ya sekondari, tayari yuko hospitali. Wagonjwa wako mbele yake. Akiwa Kikula, Panda ao Shituru, kila juma anaona mtoto wa kupimwa mkono kwa utepe: chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, kati ya 115 na 125 ni wa wastani. Anaona mjamzito mwenye upungufu wa damu, mgonjwa wa kifua kikuu anayetapika dawa kwa sababu anazimeza na njaa, mzee wa presha. Mambo ambayo mwanafunzi wa Ulaya anayasoma kwa miezi kabla ya kuyaona, yeye anayakuta kwenye zamu moja.

Lakini kuwa hospitali si kufanya mazoezi. Masaa ya kuchoma sindano hayahesabiwi kuwa masaa ya lishe. Ili yahesabiwe, mambo matatu yanatakiwa. Kwanza, mkataba ulioandikwa kati ya chuo na hospitali, ao angalau barua ya daktari mkuu inayoruhusu. Pili, msimamizi anayekubaliwa na chuo, mwenye diploma ya lishe ao daktari anayesimamia kitengo hicho. Tatu, daftari: siku, masaa, aina ya mgonjwa, alichopendekezewa, kilichotokea baada ya juma moja, na sahihi. Bila jina la mgonjwa. Na bila picha yake iliyopigwa kwa simu kwa ajili ya kazi ya shule, isipokuwa yeye ao mzazi wake amekubali na hospitali imejua.

Kumpata msimamizi ndiyo kazi ngumu. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya eneo la afya, ambako kuna mtu anayefuata shughuli za lishe kwa niaba ya PRONANUT, mpango wa taifa wa lishe. Congo ina maeneo ya afya 519, na mwongozo wa kutibu utapiamlo ni mmoja kwa nchi nzima. Mtu anayeufahamu vizuri mwongozo huo, na anayekubali kuketi na wewe nusu saa kila juma juu ya daftari lako, ana thamani kuliko video mia.

Umeme, mega na usingizi

Mfumo wa LMD, ulioenea katika vyuo vya Congo tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu masomo kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa miaka mitatu ya licence. Tukihesabu krediti moja kama masaa 25 ya kazi, mwaka mmoja ni masaa 1,500. Ukiyagawanya kwa majuma 50, ni masaa 30 kila juma. Hiyo ni kazi nyingine kamili juu ya kazi uliyo nayo. Ukichukua nusu ya krediti kila mwaka, inashuka mpaka masaa 15, na licence inakuwa ya miaka sita. Hakuna aibu katika miaka sita. Aibu ni kulipa mitatu na kuacha katikati ya wa kwanza.

Masaa hayo 15 yanapatikana wapi? Zamu ya usiku inaharibu usingizi, na kichwa kilichokesha hakishiki kemia. Anayefanya hesabu vizuri hasomi asubuhi ya kutoka zamu. Analala, anasoma siku inayofuata. Nyumbani kuna maji ya kuteka, watoto, wageni, msiba wa jirani. Kwa mwanamke mzigo ni mara mbili, kwa sababu akifika nyumbani sufuria inamngoja yeye. Masomo kwa mbali yanayofanikiwa ni yale ambayo nyumba nzima imekubali: siku fulani, masaa fulani, mama haitwi.

Kisha kuna umeme. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, haliko mbali na Likasi, lakini moto wake unakwenda kwanza viwandani na migodini, na katika mitaa SNEL inakata. Mwenye masomo hangoji. Anachaji simu na betri ya akiba kila moto unaporudi, anapakua masomo usiku wakati mega ni rahisi, anasoma bila mtandao, anatuma kazi zake mapema kabla ya siku ya mwisho. Chuo kinachodai uketi mbele ya kamera masaa matatu kila jioni hakikumfikiria mtu wa Likasi. Bora chuo kinachotoa masomo ya kupakua na mtihani katika kituo kinachojulikana.

Kumbukumbu ya mwaka 2020 bado iko. Serikali ilipofunga shule na vyuo Machi mwaka huo kwa sababu ya COVID-19, watu waliambiwa wasome kwa mbali. Wengi waligundua kwamba kutuma PDF kwenye kikundi cha WhatsApp si kufundisha. Anayelipa leo ana haki ya kuuliza: nani atasahihisha kazi yangu, na atanijibu baada ya siku ngapi?

Vitabu vya kwingine, sufuria ya hapa

Jambo lingine halisemwi katika matangazo. Masomo mengi ya mtandaoni yametungwa Ulaya ao Marekani. Mifano yake ni mkate wa ngano, jibini, brokoli. Mwanafunzi anajifunza kupanga chakula cha mtu ambaye hatakutana naye.

Huku mgonjwa anakula bukari na sombe, lenga-lenga, ndakala, bitoyo, vinkubala wakati wa msimu, uyoga wa porini mvua inapoanza, na munkoyo kwenye kikombe. Kila kimoja kina nguvu zake, protini yake, chumvi yake. Sombe iliyopikwa kwa mafuta ya mawese mekundu inampa mtoto vitamini A. Vinkubala, ambavyo wengine wanavidharau kama chakula cha maskini, vina protini nyingi. Bitoyo ikilowekwa na maji yake kumwagwa, chumvi inapungua, ingawa haiishi. Munkoyo uliotiwa sukari si maji, na mwenye kisukari ahesabu kikombe hicho.

Kuna msaada karibu, na uko kwa majirani wanaozungumza lugha yetu. Tanzania ilichapisha mwaka 2008 majedwali ya vyakula vyake, yanayoonyesha kilicho ndani ya kila gramu 100. Ukijua kwamba kisamvu ni sombe, mchicha ni lenga-lenga, ugali ni bukari na dagaa ni ndakala, majedwali hayo yanakuwa yako. Mwanafunzi wa Likasi akiyaweka kwenye simu yake, kazi zake za shule zinaacha kuzungumzia jibini.

Na kuna jambo ambalo ni la hapa zaidi. Mwaka 2009, watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na metali nyingine nyingi katika mkojo wao. Katika mji kama Likasi, ambako bustani ya mboga inaweza kuwa karibu na kiwanda na vumbi la barabara linatua juu ya unga ulioanikwa, kumwambia mama «mpe mtoto mboga» hakutoshi. Inabidi kuuliza mboga imelimwa wapi, imeoshwa kwa maji gani, unga umeanikwa wapi. Mtaalamu wa lishe aliyekulia hapa ataliuliza swali hilo. Somo la kununua kutoka mbali halitamkumbusha.

Maswali matano kabla ya kulipa

Kwa muuguzi ambaye bado anataka kuanza, na ni vizuri aanze, maswali haya yaulizwe kwa maandishi, na majibu yatunzwe.

Moja: ukimaliza, karatasi inaitwaje hasa? Diploma, shahada, ao cheti cha kuhudhuria? Na katika nchi ya chuo hicho, inamruhusu mtu kufanya kazi ya diététicien?

Mbili: wizara ya elimu ya juu ya Congo itaikubali? Diploma ya nje inahitaji kupewa ulinganifu, ile équivalence. Usiulize shule inayouza; uliza wizara, na uulize pia Divisheni ya afya ya jimbo, kule Lubumbashi, kama daraja lako la kazi litabadilika.

Tatu: masaa ya mazoezi ni mangapi, yatafanyika wapi, nani atatia sahihi? Shule inayojibu «hakuna mazoezi, yote ni mtandaoni» imekujibu vizuri sana: si masomo ya diététicien.

Nne: malipo yanagawanywa? Lipa kwa krediti ao kwa muhula, usilipe miaka yote mara moja. Na pesa ziende kwenye akaunti ya chuo, si kwenye namba ya simu ya mtu.

Tano: mwajiri wako anajua? Muuguzi anayesoma kwa siri atakosa siku 63 zake. Anayemweleza daktari mkuu mapema anaweza kupangiwa zamu katika chumba cha watoto ao cha kisukari, mahali ambapo kazi na masomo vinashikana mkono.

Aliyejibiwa vizuri maswali hayo yote anaweza kulipa bila hofu. Aliyekosa jibu kwa mawili ao matatu asikate tamaa. Aanze na masomo ya bure, ajifunze mwongozo wa utapiamlo ukurasa kwa ukurasa, afungue daftari leo. Masaa hayo pengine hayatahesabiwa na chuo chochote, lakini mama atakayeuliza kesho ampikie nini mgonjwa wake atapata jibu refu zaidi: kiasi gani, mara ngapi, kwa maji gani, na arudi siku gani apimwe tena.